Mama mdogo na samaki wa umeme

Mama mdogo anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Asubuhi macho yake yako wazi. Ikifika saa tisa mchana kope ya kushoto imeshuka na kutafuna kunamchosha. Majirani walisema amerogwa. Kumbe kingamwili zake mwenyewe, protini za kulinda mwili, zinashambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuuamuru msuli: neva inaita, msuli hausikii.

Juzi nikamsimulia mAb 35, kingamwili ya maabara niliyoisoma chuoni. Chanzo chake ni panya aliyedungwa vipokezi vya samaki wa umeme wa Amerika Kusini. Kwa nini samaki? Ogani yake ya umeme ni misuli iliyogeuka, imejaa vipokezi hivyo. Mwaka 1973 watafiti Patrick na Lindstrom waliwadunga sungura vipokezi vya samaki huyo, sungura wakalegea.

“Kama domodomo?” akauliza. Nilicheka, lakini kapatia: domodomo wetu wa Ziwa Victoria ana umeme kweli, ila hafifu mno.

“Sasa hiyo dawa inauzwa wapi?”

Si dawa, mama. Inanata kwenye mnyororo wa alfa, sehemu mojawapo ya kipokezi, ndiyo maana watafiti wanaipenda. Panya akidungwa hiyo, analegea kama wewe.

Akainua kope kwa kidole, akanituma nimpimie mteja dagaa.