Karibu Dala

Wateja wakija kuchukua mikeka yao ya mlangoni hapa Kondele, Kisumu, wengi hudhani mashine ndiyo inayochora. Wapi! Hii mashine ya kukata stika kazi yake ni kukata stensili tu, yaani vinili (plastiki ya stika) yenye matundu ya herufi, basi. Mkeka wenyewe ni wa makumbi ya nazi, una nywele ngumu, na vinili haishiki vizuri juu yake. Kwa hivyo stensili naibana kwa pini za cherehani kila kona. Halafu kuna matumbo ya herufi: ukiandika "KARIBU DALA" (dala ni nyumbani kwa Kijaluo), vile vipande vya ndani ya A, R, B na D unavipanga kwa mkono, kimoja kimoja. Hapo ndipo wenye haraka hushindwa.

Rangi ni akriliki ya nje. Usiburute brashi, gonga kutoka juu, rangi kidogo kidogo, la sivyo itapenya chini ya stensili. Stensili naibandua rangi ikiwa bado mbichi, kisha mkeka unalala ndani, maana mvua ya jioni Kisumu haipigi hodi.

Mteja wa jana alitaka "VUA VIATU" pekee. Nimempa, kwa herufi kubwa 😂