Siku moja ya nesi wa majumbani: bibi amepooza, nyumba inajipanga

Saa 11 na nusu alfajiri

Kabla ya chai nakagua mkoba. Mashine ya presha ina mikanda miwili, wa kawaida na mpana, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mzee anaongezewa dawa asiyoihitaji. Glukomita ya kupima sukari na vijiti ambavyo havijapitwa na tarehe, kipima joto, karatasi za pH za kupima tindikali, sirinji ya mililita 60, glovu, gozi, tochi. Tochi ni ya kuangalia ndani ya shavu lililopooza. Uji unajificha pale bila mgonjwa kuuhisi, kisha akilala unateremka kwenye mapafu.

Kazi yangu ni wazee waliopata kiharusi na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Nyumba ya kwanza leo ni ya Kimara, Dar es Salaam. Bibi ana siku ya tisa tangu atoke wodini, na kipindi hiki ndicho kigumu kuliko vyote: wageni wamepungua, uchovu umeingia, na hakuna tena nesi wa zamu wa kuitwa.

Saa 2 kasorobo asubuhi, Kimara

Asubuhi foleni ya Barabara ya Morogoro inaelekea mjini, ndiyo maana Kimara naipanga mwanzo.

"Shikamoo bibi." Ana miaka 78. Damu iliganda kwenye mshipa wa ubongo upande wa kushoto, hivyo mkono na mguu wa kulia vimelegea na maneno hayatoki. Marahaba yake ni kunibana vidole kwa mkono wa kushoto. Narudia kila ninapokuja: hasemi, lakini anasikia na mengi anayaelewa. Habari za deni na kiwanja zikazungumziwe nje.

Kabla ya presha nasoma daftari. Ni kaunta buku ya kawaida, imepigwa mistari: saa, amelalia upande gani, amepewa mililita ngapi, dawa, mkojo, choo. Ukurasa wa jana umejaa mpaka saa 4 usiku. Kutoka hapo hadi saa 11 alfajiri ni mweupe.

Tunamgeuza. Wengi wamefundishwa kutafuta wekundu, lakini ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kirahisi. Tumia mgongo wa mkono wako: sehemu iliyoanza kuharibika ina joto kuliko ya jirani, ni ngumu kidogo au inabonyea kama tope, na rangi yake imekolea. Kwenye mfupa wa chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio, kuna duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Nikibonyeza kwa kidole na kuachia, rangi haibadiliki. Ni hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo, ngozi haijapasuka, na inarudi ikiondolewa uzito. Ikiachwa usiku mwingine kama wa jana, tutaanza kuzungumza habari ya kufunga kidonda kwa miezi.

Walikuwa wamepasugua kwa spiriti, kwa nia njema kabisa. Msipasugue. Mishipa midogo hapo imeshabanwa, ukisugua unaichana, na spiriti inakausha ngozi. Glovu zilizojazwa maji chini ya visigino nazo naziondoa, maana kisigino bado kinabeba uzito. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, mkono upite chini yake. Nailoni ya godoro isiguse mwili. Kwa joto la Dar jasho linakwama, ngozi inalainika kama ya mtu aliyefua kutwa. Tandika shuka la pamba juu yake na livutwe, lisiwe na mkunjo.

Kugeuza ni kila baada ya masaa mawili: kushoto, chali, kulia. Ubavu usiwe wa kusimama wima, maana uzito wote unaishia kwenye mfupa wa nyonga. Mwinamishe nyuzi kama 30 na mto mgongoni. Akilalia upande uliopooza, bega lake livutwe mbele kwanza kwa kushika ubao wa bega, kamwe si kwa kuvuta mkono.

Presha inapimwa mkono wa kushoto, baada ya dakika tano za utulivu: 158 kwa 92. Naandika, sishtuki. Tutaitazama kwa siku kadhaa na kuipeleka kliniki.

Saa 3 asubuhi

Muda wa uji. Bibi analishwa kwa mpira unaopita puani hadi tumboni kwa sababu jaribio la kumeza wodini lilimfanya akohoe na sauti ikawa ya maji maji. Kila mara kabla ya kulisha, angalia alama ya kalamu ya wino iliyo kwenye mpira pale puani. Ikiwa imetoka nje, usilishe. Kisha vuta majimaji kidogo, dondoshea kwenye karatasi ya pH: 5.5 au chini ni tumboni. Kutumbukiza ncha ya mpira kwenye kikombe cha maji kuangalia mapovu hakutoshi, kumewadanganya wengi.

Kichwa cha kitanda kinyanyuliwe, mito mitatu migumu ikilazimu, akae nusu wima. Maji ya uvuguvugu mililita 30, uji 250, maji tena 30. Uji uteremke wenyewe kutoka kwenye sirinji iliyoinuliwa, usisukumwe. Abaki amekaa hivyo angalau nusu saa. Milo sita kwa siku inafikisha lita moja na nusu. Uji wa lishe wenye karanga upite kwenye chujio mara mbili, la sivyo mpira utaziba, na mpira ukiziba ni safari ya hospitali.

Leo nimekuta kosa ambalo halionekani kwa macho. Vidonge vyote vilisagwa pamoja, kikiwemo cha presha, nifedipini ya kuyeyuka polepole. Kidonge kile kimetengenezwa kutoa dawa kidogo kidogo kwa masaa mengi. Ukikisaga, yote inaingia kwa mkupuo, presha inaporomoka na ubongo uliojeruhiwa unakosa damu. Napiga simu kwa daktari wake, anabadilisha kwenda amlodipini, inayosagika. Kila dawa inasagwa peke yake na kufuatiwa na maji.

Saa 4 na robo asubuhi

Tunakaa ukumbini. Nauliza nani alikuwa na bibi usiku. Wote wanamtazama mke wa mtoto wa pili. Ndiye aliyempa uji wa mchana, akafua mashuka, akapika, kisha akalala chini pembeni ya kitanda. Hakusahau kugeuza. Usingizi ulimzidi, na ungemzidi yeyote.

Kwa hiyo ule weupe wa daftari si wake. Nyumba ina watu wazima wanne na mjukuu wa chuo, na kazi yote imeachiwa mkwe. Tunagawa: saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, saa 4 usiku hadi asubuhi. Usiku ni wa mjukuu na baba yake kwa kupokezana, siku mbili mbili. Aliyekesha hapiki wala hafui kesho yake. Kaka aliyeko Mwanza, anayetuma pesa na kutoa maagizo kwenye kundi la WhatsApp, anapewa kazi yake: kupiga simu saa 10 alfajiri, muda ambao watu wanasinzia.

Shangazi ana hakika kwamba bibi amerushiwa kitu. Sibishani naye. Dua zisomwe, bibi mwenyewe anatulia zikisomwa. Ninachokataa ni vitu vitatu: chale, kwa kuwa yuko kwenye aspirini na damu haitakata upesi, dawa ya miti kupitishwa kwenye mpira, na kuacha dawa za presha. Shangazi anakubali, tena anaomba zamu.

Suala la gharama tunalipitia haraka. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Waanzie kwa mtendaji wa mtaa, kisha ustawi wa jamii wa hospitali, na waende kabla ya tarehe ya kliniki.

Saa 7 na dakika 20 mchana

Simu kutoka Tandika, anapiga jirani wa babu mmoja, mgonjwa wangu wa zamani. Babu mdomo umekwenda upande, kijiko kimemdondoka.

Swali la kwanza: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Saa 6 na nusu. Jibu liandikwe kwenye karatasi na liende naye. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu hapo, na ni lazima kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, kitangulie, kwa sababu kama mshipa umepasuka dawa hiyo itaua. Kwa sababu hiyo hiyo asipewe aspirini. Asipewe maji wala uji. Asiwekewe kidonge cha presha chini ya ulimi: presha iliyopanda saa hii ndiyo inayosukuma damu kwenye sehemu iliyobanwa. Ana kisukari, basi sukari ipimwe sasa hivi, maana ikishuka sana hufanana na kiharusi. Ni 7.4, haijashuka. Alazwe ubavu, meno ya bandia yatolewe, ipatikane gari. Kwenye bodaboda hataweza kujishikilia. Mtu mmoja apige simu hospitalini akiwa njiani aulize kama mashine ya CT inafanya kazi leo, wasije kuhamishwa baada ya saa nzima mapokezi.

Saa 8 kasorobo wanapiga: wamefika, anaingizwa kwenye kipimo.

Saa 9 alasiri, Magomeni

Babu mwingine, wiki ya sita tangu kiharusi, anayekula kwa mdomo. Mazoezi ya kila kiungo mara kumi, asubuhi na jioni, taratibu mpaka pale anapokunja uso. Wanaomnyanyua wanaingiza mikono kwapani. Bega lililolegea linachomoka hivyo. Nawaonyesha kushika mkanda wa suruali kiunoni, magoti yao yakizuia goti lake bovu.

Saa 3 usiku

Kutoka Kimara picha ya daftari: saa 12 jioni uji 250, saa 2 usiku chali. Nawaandikia kwamba chali wakiruke usiku huu, wapokezane kushoto na kulia tu, ili ile sehemu ipumzike.

Saa 4 na dakika 6 inakuja picha nyingine, mwandiko mpya, wa mjukuu: "Saa 4 usiku. Kushoto. Mto mgongoni. Pamepungua joto kidogo."