Soriasisi na mimba: upake nini, kiasi gani

Takriban nusu ya wajawazito wenye soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba) hupata nafuu mimba inapokua. Wengine hubaki vilevile, na wachache huzidiwa. Kwa hiyo usitupe dawa zote siku unapojua una mimba.

Mbili za kumeza ndizo lazima ziachwe, hazina mjadala. Methotreksati hupingana na foliki asidi, ambayo mtoto anaihitaji tangu wiki za mwanzo. Kwa kawaida huachwa miezi 6 kabla ya kushika mimba. Asitretini hukaa mwilini muda mrefu sana, hivyo husubiriwa miaka 3. Ukishika mimba ukiwa unameza mojawapo, acha na uende hospitali siku hiyohiyo.

Msingi wa matibabu ni mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, mara mbili au tatu kwa siku, ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Juu ya hayo ndipo inakuja krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu wa ngozi: haidrokotizoni 1% kwa uso na mikunjo, na yenye nguvu kidogo zaidi kwa viwiko na magoti, kwa siku chache. Kipimo ni kidole: kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza. Hiyo ni nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Krimu zenye asidi ya salisiliki usizipake eneo kubwa.

Kinachotutisha zaidi ni klobetasoli, steroidi kali sana. Steroidi kali zikizidi gramu 300 kwa mimba nzima zimehusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa madoa machache hufiki huko. Lakini mkorogo wa kujichubua mara nyingi una klobetasoli, na mwili mzima hula kama gramu 20 kwa kupaka mara moja. Siku 15 tu, umefika. Na ukiuacha ghafla, soriasisi hurudi kwa hasira.

Krimu zikishindwa, matibabu ya hospitali kwa mwanga wa UVB wa wigo mwembamba ni salama, PUVA (mwanga wa UVA pamoja na dawa ya psoraleni) hapana. Mwanga huo unaweza kupunguza foliki asidi, basi usiache vidonge vyako. Ila dozi ni miligramu 0.4. Ile ya miligramu 5 hudhoofisha SP unayomeza kliniki kuzuia malaria.

Vijipele vya usaha vikitokea kwa wingi pamoja na homa, hasa miezi mitatu ya mwisho, nenda hospitali usiku huohuo. Kalsiamu inaweza kushuka na mtoto akawa hatarini.

Baada ya kujifungua, wengi hulipukiwa ndani ya wiki chache. Krimu ya titi ipakwe baada ya kunyonyesha, na ifutwe kabla mtoto hajanyonya tena. Kama ulichomwa sindano za kibayolojia kama adalimumabu mwishoni mwa mimba (huku kwetu ni wachache), mwambie muuguzi kabla mtoto hajapewa BCG: dawa hiyo hupita kwa mtoto na kupunguza kinga yake, na BCG ni chanjo yenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo huenda ikabidi isubiri hadi miezi 6.