Begi langu la Nansio

Kila mwisho wa mwezi navuka kutoka Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kumfungia shemeji hesabu za duka. Kazi naianzia melini. Pawabenki ya mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) haijazi simu yangu ya mAh 5,000 mara nne, usidanganyike. Ni kama mara tatu, umeme mwingine unapotelea kwenye joto.

Zamani kompyuta niliifunga kwenye rambo, mfuko wa plastiki. Zilipopigwa marufuku Juni 2019 nikahamia kwenye mfuko wa turubai, na nyaya natia kwenye kopo la rangi lenye mfuniko. Shemeji hucheka. Yeye hakuwepo siku gunia la dagaa lilipoegemea begi langu. Chaja ilinuka wiki nzima, hadi paka wa jirani akawa anaifuata mezani.