Mafia Baada ya Kidonge cha Mwisho

Mwezi wa Novemba nilimeza kidonge cha mwisho cha tamoksifeni, dawa niliyoitumia kila siku kwa miaka mitano baada ya upasuaji wa saratani ya titi, tibakemikali na mionzi. Ndugu zangu walitaka kukodi ukumbi na kupika pilau. Niliwashukuru kwa moyo wote, lakini nikawaeleza kwamba mwili huu, uliochomwa sindano na kupimwa kwa muda wote huo, ulistahili kupelekwa mahali ambapo ungefanya jambo kwa ajili ya furaha yake wenyewe, nami nilitamani kuogelea karibu na papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, kisiwani Mafia.

Kwanza nilimwuliza daktari kuhusu mkono wangu wa kushoto, ambao huvimba mara kwa mara tangu tezi za kwapani zilipoondolewa. Alinijibu kwamba kuogelea hakuna madhara, kwani maji huukandamiza mkono taratibu na kusaidia majimaji yaliyotuama yaondoke. La kuchunga ni jua kali na michubuko ya matumbawe, kwa sababu hata jeraha dogo katika mkono wa namna hiyo huweza kupata maambukizi upesi. Naliandika hili kwa makusudi, maana wanawake wengi niliokaa nao kwenye mabenchi ya kliniki waliamini kwamba baada ya matibabu kazi yao ni kujihadhari tu.

Mimi na mdogo wangu tulipanda basi Mbagala, Dar es Salaam, hadi Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, na hapo tukaingia chomboni. Kwa muda mrefu tulipita katikati ya mikoko, maji yakiwa na rangi ya udongo, kisha bahari ikafunguka na kuanza kuwa ya kijani. Maji hayo ya mto ndiyo yanayobeba rutuba inayolisha viumbe wadogo mno waeleao baharini, na viumbe hao ndio chakula cha papa potwe, ambao kati ya Oktoba na Machi huonekana karibu kabisa na ufuko wa Kilindoni.

Asubuhi iliyofuata tulitoka na nahodha mmoja mzee. Tulipomwamkia aliitikia, akaniangalia nikivuta soksi ya kubana mkono hadi begani, wala hakuuliza kitu. Aliponiona nina haraka ya kuruka alisema, “Mwanangu, usimfukuze. Kaa kando yake, usimguse, na uuepuke mkia.”

Niliposhuka, sikuona kitu ila maji yaliyojaa chembechembe. Kisha mgongo mpana wenye madoa meupe, yaliyojipanga kwa safu kati ya mistari hafifu, ukapita chini yangu taratibu. Kinywa chake kilikuwa wazi, kipana kama mlango, na matamvua ya mashavuni yalifunguka na kufumba kila alipochuja maji. Samaki wadogo walimfuata chini ya tumbo. Nilipiga mikono yote miwili, wa kushoto kama wa kulia, nikaenda naye sambamba mpaka pumzi ikaniishia, kisha nikabaki nikielea huku nikilia ndani ya miwani ya kuogelea. Mdogo wangu, aliyenishika mkono katika kila mzunguko wa tibakemikali, alikuwa pembeni yangu akipiga vigelegele kupitia mrija wa kupumulia.

Siku za mwisho tulizitumia upande wa Utende, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, tukavuka hadi kisiwa kidogo cha Chole kuona magofu ambayo mizizi ya miti imeyakumbatia, pamoja na popo wakubwa wanaoning’inia mchana kutwa. Joto liliuvimbisha mkono kidogo, kwa hiyo jioni niliuinua juu ya mito miwili na kula pweza wa nazi kwa mkono wa kulia, bila wasiwasi wowote.

Uchunguzi wangu wa kila mwaka unaendelea, na miadi ya mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, ni mwezi wa Mei. Wenzangu wawili wa kliniki wameshaniomba namba ya nahodha, nasi tumeanza kuweka akiba ya nauli kwa msimu ujao.