Msaidizi wa mtandaoni: chagua kazi inayorudi kila wiki

Msaidizi wa mtandaoni huwafanyia wateja kazi za ofisi akiwa mbali. Ukitangaza kwamba unafanya kila kitu, kuanzia barua pepe hadi mitandao ya kijamii, utashindana kwa bei tu, na daima atatokea wa bei ya chini kuliko yako. Lazima ubobee. Ila ule ushauri wa "chagua unachokipenda" hautoshi. Tafuta kazi inayorudi kila wiki, ambayo ikikosewa mteja anapoteza hela.

Chukua nyumba za wageni zinazokodishwa kwenye jukwaa la Airbnb huko Diani (Kenya) au Nungwi (Zanzibar), ambazo wenyewe wanaishi mbali. Mgeni wa New York akiuliza swali saa kumi na mbili jioni majira ya joto, Nairobi ni saa saba usiku. Ili mwenye nyumba apate hadhi ya Superhost (alama ambayo Airbnb huwapa wenyeji bora), anatakiwa kujibu asilimia 90 ya maswali mapya ndani ya saa 24, awe na wastani wa nyota 4.8, na aghairi chini ya asilimia 1 ya nafasi zilizochukuliwa. Hapo ndipo unapohitajika.

Balaa kubwa ni kalenda. Nyumba ikiwa Airbnb na Booking.com kwa pamoja, wengi huunganisha kalenda zake kwa kiungo cha iCal, yaani anwani ya mtandaoni inayowezesha kalenda moja kusoma nyingine. Kiungo hicho hakipeleki taarifa papo hapo. Kila upande husoma kalenda ya mwenzake baada ya saa kadhaa. Katikati hapo wageni wawili wanaweza kuchukua usiku uleule. Mwenye nyumba akighairi upande wa Airbnb, faini huanzia dola 50 na hupanda kadiri siku ya kufika inavyokaribia. Kwa hiyo kila nafasi ikichukuliwa, ingia upande wa pili uisasishe kalenda kwa mkono, kisha hakikisha tarehe zimefungwa kweli. Nyumba zikizidi tatu nne, mshauri mteja alipie programu inayounganisha majukwaa moja kwa moja.

Nenosiri la mteja usiliombe. Mwambie akuongeze kwenye Airbnb kama mwenyeji mwenza (co-host) na akupe ruhusa ya kalenda na ujumbe tu. Ukiingia kwa akaunti yake kutoka nchi nyingine, msimbo wa uthibitisho unaweza kwenda kwenye simu yake, naye amelala.

Kabla hujajitangaza, soma maoni ya wageni wa nyumba ishirini za eneo hilo. Malalamiko ya kuchelewa kujibiwa, maelekezo mabovu ya njia au funguo zisizojulikana ziko wapi, hayo ndiyo soko lako. Godoro bovu si lako (ingawa utaulizwa).

Bei iwe ya mwezi kwa kila nyumba. Ukilipwa kwa saa, utaadhibiwa kwa kuwa mwepesi. Weka pia kiwango cha chini kwenye mkataba, maana Aprili na Mei mvua za masika hupunguza wageni pwani, na anayelipa kwa asilimia ya mapato atakulipa karibu na sifuri huku bado unajibu maswali ya watu wanaopanga safari ya Agosti.