Mama alimjua muuaji kwa sukari

Nimemaliza riwaya ya upelelezi ya Kiingereza ya aina ile ninayoipenda: kijiji kidogo, kanisa, duka moja, maiti moja, na mama wa makamo anayejua habari za kila nyumba. Hii inatokea wakati wa Vita vya Pili, ndiyo maana imenishika kuliko zote.

Mapigano yenyewe huyaoni. Unaona amri tu, na kila amri inazaa fumbo. Tangu Septemba 1939 Waingereza walitakiwa kuziba madirisha usiku, mwanga usipenye hata kwenye ufa, ndege za Wajerumani zisipate pa kulenga. Sasa katika giza hilo nani alimwona nani? Mwaka 1940 vibao vya njia panda viling'olewa ili adui akitua asijue yuko wapi, basi mgeni akiuliza njia tu, kijiji kizima kinamtilia shaka. Sura hiyo niliisoma barazani hapa Ujiji, ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, nikajaribu kuwaza taa zote zile zizimwe kwa amri, mwaka baada ya mwaka.

Ila utamu hasa uko kwenye mgawo. Ulianza Januari 1940 kwa sukari, siagi na bekoni. Julai ikafuata chai, wakia 2 kwa mtu kwa wiki, kama gramu 57. Kila familia ilijiandikisha kwa muuza duka wake, kwa hiyo yeye anajua nyumba ipi ina walaji wangapi. Mpelelezi atake shahidi gani tena?

Jioni nilikuwa namsimulia mama. Yeye alilea watoto miaka ile baada ya Vita vya Kagera, sukari ikitolewa kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi, sabuni ikija kwa magendo, hadi msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Nilipofika pale mjane mmoja anapowaandalia wageni keki na jamu tele, akanikatiza.

"Huyo huyo, mwanangu. Sukari yote hiyo kaitoa wapi?"

Kitabu kilikuwa hakijafika hata nusu, na mama alipatia.

Kasoro ninayoiona ni watoto waliohamishwa kutoka London kukimbia mabomu. Wanaingia na mabegi yao, wanaona kila kitu, halafu mwandishi anawasahau. Nilitaka kujua yule mdogo alirudi kwao lini.

Nimeshamwagiza muuza vitabu vya mitumba anitafutie nyingine. Mama anataka yenye duka.